Naomba ushauri: kitimwendo na mvua hizi za Mwanza

Habari zenu wapendwa. Natumia kitimwendo, naishi Mabatini na nashona nguo mjini. Mvua ikikolea, Mto Mirongo unafurika, na maji yakipungua yanaacha tope zito. Magurudumu madogo ya mbele yanazama, beringi zinakwaruza mchanga, mikono inateleza nikisukuma. Daladala ndiyo kabisa: konda akiona kiti anageuza uso. Inauma, jamani, maana nauli ninayo. Bajaji wanabeba, ila kiti nacho wanakilipisha.

Naombeni msaada: kuna fundi hapa Mwanza anayeweza kufunga magurudumu mapana ya mbele? Glavu zipi hazitelezi zikilowa? Na ukiacha Barabara ya Nyerere, njia gani ya kwenda mjini ina mitaro iliyofunikwa?