Nitapata wapi kitabu cha takwimu kabla ya mtihani wa Jumatano?

Kijana wa Igoma: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za Jumapili. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mwanza, na Jumatano nina mtihani wa mwisho wa muhula wa somo la takwimu, ambao mhadhiri ametangaza kwamba utatoka katika kitabu kimoja tu. Maktaba ya chuo ina nakala moja, nayo kwa sasa haipatikani. Kukinunua kipya ni ghali kuliko kodi ya chumba changu. Anayejua mahali pa kukipata kwa haraka naomba anielekeze.

Mama Buswelu: Mwanangu, sisi tulikuwa wasichana wanne kwa kitabu kimoja, tukagawana usiku. Zamu yangu ilianza saa nane, na mpaka leo, nikiwa na wajukuu, huamka saa hiyo hiyo bila kuamshwa. Ninyi mna simu mkononi na bado mnalia.

Fundi wa Pasiansi: Jaribu Maktaba ya Mkoa pale mjini. Lakini kama unanufaika na Bodi ya Mikopo, fedha za vitabu na viandikia hutolewa mbali na za chakula. Zako zimekwenda wapi?

Kijana wa Igoma: Nilizipokea, nikazitia kwenye dagaa. Alhamisi nilinunua dagaa wabichi kwenye mwalo mmoja wa Sengerema, nikawaanika ili nikawauze Kirumba, lakini Ijumaa mvua ikanyesha na wote wakaishia kwa mnunuzi wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Kujaribu biashara si kosa, kwa hiyo naomba turudi kwenye kitabu.

Mtani wa Mwaloni: Basi kuna kuku huko atafaulu takwimu kabla yako.

Mkutubi Mstaafu: “Haipatikani” ni neno la kujificha. Nakala hiyo imeazimwa na nani?

Kijana wa Igoma: Ninayo mimi, ingawa imeandikwa kwa jina la mwenzangu wa darasani aliyeniazimia kwa kadi yake. Nilikwenda nayo mwaloni ili nisome huku nikilinda dagaa, na mvua ile ile ikailowesha. Sura ninazozihitaji zimegandana. Nimeianika juani, kwa nje haionyeshi kitu, na nimekwisha kuamua kuirudisha kimyakimya rafuni. Ningeirudisha jana, ila nilikaa sana kwenye foleni ya kivuko, nikakuta maktaba imefungwa.

Macho Mawili: Ndugu wanajukwaa, tusidanganyike. Daraja la Kigongo–Busisi, la kuvukia ziwa kutoka Sengerema kuja upande wa Mwanza, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na magari yanavuka kwa dakika chache. Foleni ya kivuko kipi? Hadithi hii imetungwa na mtu ambaye hajafika huku siku nyingi.

Mama Buswelu: Nami nilianza kushangaa. Mwanafunzi gani huanika dagaa wiki ya mtihani?

Kijana wa Igoma: Nilivuka Kamanga, si Kigongo. Kivuko cha Kamanga kinashusha watu mjini kabisa, na kwa mtu wa miguu mwenye gunia tupu daraja halipunguzi nauli. Nimeweka picha ya ukurasa wa 212.

Macho Mawili: Nimeiona. Katikati ya jedwali amebanwa dagaa mmoja. Nasahihisha kauli yangu.

Mtani wa Mwaloni: Mhesabuni, naye ni sampuli.

Mkutubi Mstaafu: Nilifanya kazi hii kwa miaka mingi, na kitabu kilicholowa hakijawahi kunidanganya, kwa sababu huvimba mgongo na kunuka. Kiondoe juani, maana jua hupindisha karatasi, ukisimamishe kivulini penye upepo, na kati ya kurasa zinazofunguka utie karatasi safi zinazofyonza maji, ukizibadilisha kila zinapolowa. Zilizogandana usizichane. Ukungu huweza kuanza baada ya saa 48 hivi, nawe umekwisha kuzipita, kwa hiyo kagua leo. Wengine hukifunga kwenye mfuko na kukigandisha ili kupata muda, lakini tafadhali kisiwe kwenye friza la sangara. Halafu kesho asubuhi nenda kaungame kwa mkutubi wenu. Mara nyingi utatakiwa kulipa au kuleta kingine, na hilo linazungumzika. Kukificha rafuni kutamwangukia mwenye kadi, ambaye naye ana mtihani Jumatano. Yeye anajua?

Kijana wa Igoma: Sikutaka kumvuruga kabla ya mtihani.

Fundi wa Pasiansi: Mdogo wangu, mwandikie sasa hivi.

Kijana wa Igoma: Nimemwandikia. Amesoma, hajajibu.