Kutoka JKIA hadi ushago bila gari: tupeane uzoefu

Kijana wa Bypass: Jana nimeona mama mmoja pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, nje ya jengo la 1A, masanduku mawili na blanketi limefungwa kamba, anauliza magari ya Kitale yako wapi. Madereva wa teksi wamemzunguka, kila mmoja na bei yake. Mlioshuka ndege bila mtu wa kuwapokea na safari bado ndefu, mlitokaje pale?

Mnyamakima: Panda matatu namba 34 hadi tao, katikati ya Nairobi. Magari ya Nakuru na Nyahururu ni stendi ya Nyamakima, ya Embu na Meru ni stendi ya Tea Room. Kwisha.

Binti Webuye: Wewe mtu wa tao usituambie "kwisha". 34 na masanduku mawili? Makanga akiona mzigo anakutoza kiti cha pili kabla hamjatoka Embakasi.

Mnyamakima: Si ulipe basi. Mzigo wako una makalio.

Mama Ushuru: Ngojeni niwaambie yangu. Januari 2018, zile siku serikali imepiga marufuku magari ya masafa marefu kusafiri usiku baada ya ajali ya basi pale Migaa. Mimi niko Jeddah nasikia juujuu tu. Ndege ikatua jioni, teksi ikanifikisha Machakos Airport, ile stendi ya mabasi pale tao, si uwanja wa ndege, giza limeshaingia. Hakuna basi linalotoka. Watu wamelala juu ya mizigo, watoto wanalia, choo ni cha kulipia na foleni haisongi. Nikakalia sanduku moja, mkanda wa mkoba nikaufunga mguuni.

Alfajiri wapiga debe wakatuvamia kama nyuki. Mmoja kanishika mkono, "Busia mama, Busia, hii ndiyo inatoka kwanza!" Mwingine kashaondoka na sanduku kichwani. Nikalipa nikaketi. Nauliza sanduku, naambiwa "liko buti, tulia". Gari linatoka, nachungulia dirishani: sanduku langu, lile la utepe mwekundu, liko kwenye keria ya basi la Kitale linaloingia Landhies Road!

Nilipiga nduru basi zima likaamka. Dereva anasema hawezi kusimama hapo, polisi. Nambari iliyo kwenye tiketi inaita tu, hakuna anayeshika. Nguo za watoto zote zilikuwa mle, na simu ya baba yao. Mzee mmoja kiti cha nyuma akaniambia, "Nyamaza kwanza, dada." Akapigia mtu, huyo akapigia mwingine, hadi akapatikana makanga wa lile la Kitale. Wakalishusha Nakuru kwenye kituo cha petroli. Nilipofika, mlinzi alikuwa amelikalia anakula mandazi. Akanidai mia tano ya kulinda. Nikampa, na sabuni ya Jeddah juu yake.

Fundi Kitasa: Huyo mlinzi alistahili hata elfu.

Binti Webuye: Elfu ya kukalia sanduku la mtu?

Kondoo wa Kitale: Na simu ya baba watoto ilifika?

Mama Ushuru: Ilifika. Kioo kimepasuka.

Kondoo wa Kitale: Ni mlinzi. Uzito wa mlinzi.

Kijana wa Bypass: Jamani, turudi kwa mada.

Shemeji wa Voi: Mada iko hivi: watu wa upande wa Pwani, tao mnaendea nini? Stesheni ya SGR ya Syokimau ni hapo karibu, treni ya usiku ya Mombasa inatoka saa nne. Kama unaenda Emali au Mtito, simama Mlolongo, magari yanapita.

Zuhura M.: Shemeji, tiketi utailipia na nini? *639#, ile namba ya kukata tiketi ya treni kwa simu, inataka M-Pesa, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa. Nilisimama Syokimau na dola mkononi, hakuna aliyezitaka. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenilipia kwa simu yake, nikamrudishia nilipobadilisha pesa. Na mkumbuke treni inakushusha Miritini, nje ya Mombasa mjini. Kutoka hapo hadi nyumbani ni safari nyingine.

Shemeji wa Voi: Mimi nashuka Voi. Miritini hainihusu.

Fundi Kitasa: Mimi binamu yangu aliyezaliwa Marekani nilimwambia kesho asubuhi twende Machakos Airport tupande gari la Kisii. Alikuja amepiga suti, pasipoti mfukoni.

Mnyamakima: 😂😂 Alipimwa uzito wa mizigo?

Kijana wa Bypass: Wa Nyeri na Karatina, mimi ningewaambia msiingie tao kabisa. Shikeni Eastern Bypass mtokee Ruiru, hapo mnadaka gari la Thika Road.

Binti Webuye: Kwa giza, na mizigo ya ng'ambo, usimame kando ya barabara Ruiru? Huo ni ushauri wa mtu anayetaka masanduku yetu.

Kijana wa Bypass: Nimesema mchana.

Binti Webuye: Hukusema.

Lekishon: Samahani kuingilia. Nashuka Jumamosi saa nane usiku naenda Maralal. Nifanye nini?

Mnyamakima: Kaa hapo hapo ndani kwenye viti mpaka kupambazuke. Usitoke.

Fundi Kitasa: Kaa lakini usilale.

Kondoo wa Kitale: Lala, ila ulalie sanduku.

Zuhura M.: Lekishon, wasikuchanganye. Subiri kuche, nenda Nyamakima upande la Nyahururu, Nyahururu utapata la Maralal kupitia Rumuruti. Ukichelewa kufika Nyahururu utalala hapo. Washa laini yako kabla hujatoka uwanjani, na sweta usiiweke sandukuni, baridi ya Nyahururu haina huruma.