Kipimo cha korona kabla ya kupanda meli ya utalii, Desemba 2021: siku mbili zilihesabiwaje?

Binti Pangani, Houston

Habari za jioni ndugu zangu.

Naomba mnisaidie kuelewa hesabu ya siku za vipimo vya korona, kwa maana kadiri ninavyosoma masharti ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Mama yangu anaondoka Dar es Salaam kwa ndege Jumatatu usiku, tarehe 20 Desemba 2021, na Jumapili tarehe 26 familia nzima tunapanda meli ya utalii katika bandari ya Galveston kuelekea Cozumel, Meksiko. Ndege inataka kipimo cha siku moja kabla ya safari, na meli inataka cha siku mbili kabla ya kupanda. Je, siku mbili hizo ni saa 48 kamili zinazohesabiwa kurudi nyuma kutoka saa ya kupanda, au ni siku za kalenda? Na cheti atakachokuja nacho mama kutoka Dar kinaweza kutumika pia bandarini?

Jambo jingine linamhusu mume wangu, ambaye aliugua korona mwanzoni mwa Novemba na sasa ni mzima kabisa, lakini ninahofia kwamba kipimo kitaonyesha bado ana virusi. Kuhusu chanjo hatuna shaka: mama alichanjwa Janssen mwezi Agosti, nasi wengine tumekamilisha dozi zetu.

Mpimaji

Dada, pole kwa usumbufu. Unachanganyikiwa kwa sababu unasoma masharti mawili kama sharti moja. Yatenganishe kabisa.

Sharti la ndege limewekwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na tangu tarehe 6 Desemba linamtaka kila msafiri wa kimataifa mwenye umri wa miaka 2 na zaidi apimwe si zaidi ya siku moja kabla ya ndege kuondoka, awe amechanjwa au hajachanjwa. Hapa hawahesabu saa. Kwa kuwa mama anaondoka Jumatatu usiku, sampuli iliyochukuliwa wakati wowote wa Jumapili tarehe 19 inakubalika, hata ikiwa ni asubuhi na mapema, ingawa mpaka ndege iruke saa 24 zitakuwa zimepita. Ikiwa anabadilisha ndege njiani, siku hiyo huhesabiwa kutoka ndege ya kwanza, ile ya Dar, mradi safari yote iwe katika tiketi moja na asisubiri zaidi ya saa 24 katika kiwanja chochote. Marekani inakubali PCR, yaani kipimo cha maabara cha vinasaba vya kirusi, na pia kipimo cha haraka cha antijeni, lakini uliza shirika la ndege kuhusu nchi anayopitia, kwa sababu zipo zinazodai PCR peke yake.

Sharti la meli ni jingine. Kwa abiria waliokamilisha chanjo, lilikuwa siku tatu hadi katikati ya Septemba mwaka huu, likapunguzwa kuwa siku mbili kuanzia tarehe 13. Nalo huhesabiwa kwa siku za kalenda, na siku ya kupanda yenyewe haimo katika hesabu. Mkipanda Jumapili, siku zenu ni Ijumaa tarehe 24 na Jumamosi tarehe 25. Sampuli ya Alhamisi saa tano usiku ni ya Alhamisi, na bandarini itakataliwa. Kwa hiyo cheti cha Dar cha tarehe 19 hakitamsaidia mama chochote Galveston; ni lazima apimwe tena akiwa Texas pamoja nanyi.

Naongeza jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Cheti cha maabara huwa na tarehe zaidi ya moja: siku sampuli ilipochukuliwa, wakati mwingine siku ilipopokelewa maabara, na siku majibu yalipotolewa. Kinachohesabiwa ni siku ya kuchukuliwa sampuli. Ikiwa cheti kimeandikwa tarehe ya majibu peke yake, msiondoke dirishani kabla hakijarekebishwa.

Nesi wa Mwanza

Mpimaji ameeleza vizuri; mimi nitazungumzia mumeo.

Hofu yako ina msingi. PCR hutafuta vinasaba vya kirusi, na mabaki yake yanaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa, hata kufikia miezi mitatu, baada ya mtu kupona na kuacha kuambukiza wengine. Kipimo cha antijeni hutafuta protini za kirusi, ambazo hupatikana zaidi wakati virusi ni vingi mwilini, kwa hiyo aliyepona tangu mwezi uliopita kwa kawaida hutoka hana. Kwa kuwa meli inakubali vyote viwili kwa waliochanjwa, mimi ningempeleka kwenye antijeni bila kusita. Hata hivyo, aanze sasa kutafuta majibu yake ya Novemba na barua ya daktari inayosema kwamba amepona na anaruhusiwa kusafiri. Kwa wanaoingia Marekani kwa ndege, nyaraka hizo mbili hukubaliwa badala ya kipimo ndani ya siku 90. Kwa upande wa meli, ipigieni simu kampuni mliyokata nayo tiketi na mwombe jibu lao kwa maandishi.

Kaka wa Dallas

Wasiwasi wangu mkubwa ni kwamba siku zenu mbili zimeangukia mkesha wa Krismasi na Krismasi yenyewe. Famasi nyingi hufunga mapema tarehe 24, na nyingi nyingine hazifungui kabisa tarehe 25. Wekeni miadi leo, ya Ijumaa asubuhi, na iwe ya kipimo cha haraka, kwa sababu majibu ya PCR yanaweza kuchelewa wakati huu ambapo watu wote wanapima kabla ya kutembelea jamaa zao.

Nyumbani pia mnaweza kujipima, mradi mhudumu awe anawatazama kwa video. Hapo mwe waangalifu sana. Boksi la BinaxNOW linalouzwa famasini likiwa na vipimo viwili vya kujipima wenyewe halikubaliki melini, kwa kuwa hakuna anayethibitisha aliyepimwa ni nani. Linalokubalika ni lile linaloagizwa mtandaoni pamoja na huduma ya video, na halifunguliwi mpaka mhudumu aseme lifunguliwe. Wahudumu hao huzungumza Kiingereza, kwa hiyo kama mama hakizoei, ni heri kumpeleka famasini ukiwa pembeni yake.

Masharti haya yanaudhi, lakini nayaunga mkono. Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipozuiliwa Yokohama, kati ya watu 3,711 waliokuwamo zaidi ya 700 waliambukizwa. Aliyeambukizwa jana anaweza kupimwa leo na kuonekana hana, na ndiyo maana kila siku inayopunguzwa kati ya kipimo na kupanda ina faida.

Binti Pangani, Houston

Ahsanteni sana, sasa nimeelewa. Mama atatoa sampuli Dar Jumapili asubuhi tarehe 19. Sisi sote tutapimwa antijeni Ijumaa tarehe 24, na Jumamosi itabaki ya akiba iwapo kipimo kitaharibika. Swali la mwisho: tukirudi Galveston kutoka Cozumel, mama atahitaji kipimo kingine cha siku moja ili aingie Marekani?

Mpimaji

Hapana. Sharti la siku moja ni la wanaoingia kwa ndege. Nyinyi mnarudi kwa meli ileile. Atakaporudi nyumbani ndipo atahitaji PCR kwa ajili ya Tanzania, na huko huhesabu kwa saa, yaani 96, si kwa siku.

Hakikisha pia majina ya mama kwenye kila cheti yanafanana na ya pasipoti, yote matatu ikiwa pasipoti ina matatu, na tarehe ya kuzaliwa iwe ileile. Famasi za Marekani zimezoea majina mawili na huacha la katikati, kwa hiyo wakati wa kuweka miadi yaandike mwenyewe ukiwa na pasipoti yake mkononi.