Naombeni ushauri: kosa ukurasa wa 43 wa tasnifu yangu

KivuliChaMwezi: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nasoma shahada ya uzamili ya hisabati. Tasnifu yangu inahusu miili mitatu inayovutana angani, mfano Jua na sayari mbili. Ikiwa miwili tu, Newton alishamaliza kazi. Akiingia wa tatu, hesabu haifungi. Sasa nimekuta kosa ukurasa wa 43. Nimwambie msimamizi au nipotezee? Silali.

FundiSaa: Miili mitatu: wewe, mkeo na mchepuko. Hesabu hiyo ilinishinda mwaka 2014.

MwlRukia: Mdogo wangu, niliwahi kujumlisha vibaya alama za mwanafunzi, akafeli, nikanyamaza. Mama yake anauza nyanya sokoni, kila akiniona ananiongezea mbili. Miaka tisa nakula nyanya za dhambi.

Nahodha_Tanga: Ngoja kwanza. Umeshatetea au bado?

KivuliChaMwezi: Nimeshatetea, mkuu. Nakala tano zimejalidiwa. Mahafali Ijumaa ijayo.

Nahodha_Tanga: Na kosa uliliona lini?

KivuliChaMwezi: Siku mbili kabla ya kutetea. Mtahini mmoja kijana aliuliza palepale, nikamzungusha kwa Kiingereza kirefu mpaka mwenyekiti akaangalia saa. Lakini jamani, yule mwanahisabati Mfaransa Poincaré si alikosea kwenye jambo hilihili, na tuzo ya Mfalme Oscar wa Sweden akapewa 1889?

MpendaNyota: Umesimulia nusu. Kijana Phragmén, akiandaa makala yale yachapwe, aliuliza maswali. Poincaré katika kuyajibu akakuta kosa kubwa zaidi mahali pengine, akalisema mwenyewe. Mhariri wa jarida, Mittag-Leffler, akahangaika kukusanya nakala zilizokwisha kutoka. Kuchapa upya kuligharimu kronor 3,585 za Sweden, akalipa Poincaré. Tuzo yenyewe ilikuwa 2,500! Na toleo la 1890 ndilo lililoonyesha jinsi mwendo wa miili mitatu unavyoweza kuvurugika usitabirike. Angenyamaza, tusingelipata.

ShahidiWaMwisho: Mnachezewa. Mtahini kijana, swali, nakala zimeshachapwa: hiyo ni hadithi ya Poincaré imevalishwa joho. Mbona kosa lenyewe halitaji?

FundiSaa: Leteni picha ya ukurasa.

KivuliChaMwezi: Picha siweki, msimamizi wangu anaweza kuwa humu. Kosa ni hili: nimegawa kwa tofauti ya miendo, nikaandika "si sifuri", nikapita. Sasa chukua sayari Mshtarii na Zohali. Wa kwanza akizunguka Jua mara 5, wa pili anakaribia mara 2. Kwa hiyo mara mbili ya kasi ya Mshtarii ya kuzunguka Jua ukitoa mara tano ya ile ya Zohali, kinachobaki ni kidogo mno. Gawa kwa hicho uone jibu linavyofumuka.

MpendaNyota: Huyu hatungi. Kigawanyo hichohicho ndicho mwanahisabati Laplace alichokifukunyua miaka ya 1780, akaeleza kwa nini sayari hizo mbili zilionekana kwenda mrama: ni yumbo linalojirudia kila takriban miaka 900. Dogo, sehemu hiyo ndiyo tamu kuliko tasnifu nzima, nawe umeiruka!

MwlRukia: Nenda kesho asubuhi kwa msimamizi, kabla hajanywa chai.

KivuliChaMwezi: Mnasema kirahisi. Fundi wa kujalidi anataka 25,000 kila nakala. Poincaré walau alikuwa na zile 2,500 za kuanzia.

ShahidiWaMwisho: Ikifuata namba ya kutumia pesa, mimi simo.