Betri inasoma volti 12.6 lakini stata inazunguka kivivu

Swali
Wakuu, betri ni ya maji, volti 12. Asubuhi kabla ya kuwasha gari multimita inasoma 12.6, lakini stata inazunguka kivivu. Nitajuaje nikiwa nyumbani kama ubovu ni wa betri yenyewe?

Jibu la 1
Mkuu, 12.6 baada ya gari kulala usiku kucha maana yake chaji imejaa. Nguvu ya betri ni jambo jingine. Plati za risasi zilizo ndani yake zikishaganda salfeti (ukoko mweupe) au kumomonyoka, uwezo hupungua ilhali volti bado inasomeka vizuri. Ipime ikiwa kazini. Kwa injini ya petroli, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata mara moja au mbili hadi injini isishike tena. Kisha gusisha multimita kwenye vichwa vya betri, mwenzako azungushe stata sekunde 10. Kwenye joto la kama nyuzi 20, volti isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, na chaji ilikuwa imejaa, betri imechoka.

Jibu la 2
Usiihukumu betri kabla ya kupima vibanio, yaani vishikio vya nyaya kwenye vichwa vya betri. Stata ikizunguka, weka ncha moja ya multimita juu ya kichwa cha betri, nyingine juu ya kibanio chake. Isomeke karibu na sifuri. Ikifika nusu volti, umeme unapotelea hapo. Fanya hivyo pande zote mbili.

Jibu la 3
Kwa kuwa ni ya maji, haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi ukilinganisha na maji, ndiyo itakayokupa undani wa kila seli. Vaa miwani na glavu, moto uwe mbali, maana betri hutoa haidrojeni. Iliyojaa husoma karibu 1.265, nusu chaji karibu 1.190. Linganisha seli zote sita: moja ikiachwa nyuma kwa 0.050 au zaidi, hiyo ndiyo mbovu. Usipime mara tu baada ya kuongeza maji, kwani hayajachanganyika na asidi, chaji kwanza.

Muulizaji
Stata ikizunguka, betri inashuka hadi 10.4. Kati ya kichwa cha hasi na kibanio chake inasoma 0.9.

Jibu la 2
Basi betri iache, ni nzima. Fungua hasi kwanza, ndipo chanya, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Sugua vichwa na ndani ya vibanio hadi ving'ae, kaza, hasi ifungwe mwisho, kisha rudia kipimo.