Kikundi: Watoto wa Mzee Hamad (Shamba Mtambwe)

Maimuna: Assalamu alaykum. Nakumbusha tena kikao Ijumaa baada ya alasiri kwa Bibi, yule mnunuzi wa Chake kashapiga simu tena anataka upande wa mwembeni wote na mikarafuu yake, kila mrithi ajibu HAPA anauza au hauzi, msinifate inboksi

Maimuna: Nawaona mmesoma. Kimyaaa

Salim: Waalaykum salam. Kutakuwa na urojo?

Asha: 😂😂😂

Maimuna: Salim nakuomba

Khatib: Shkamooni wakubwa. Mie siuzi. Hotelini huku Nungwi tunafundishwa waini, sasa ivi tuko kwenye moja nyekundu nzito ya Afrika Kusini, Rubicon, inatoka shamba la Meerlust, Stellenbosch. Shamba lenyewe lipo tangu 1693, ukoo wa Myburgh ukalinunua 1756 na mpaka leo ni lao, baba anamwachia mtoto, vizazi vinane! Sie hata cha tatu hakijazeeka tushaanza kukata vipande

Salim: Ushaionja lakini 👀

Khatib: Wallahi sijaitia mdomoni. Natazama rangi na kunusa basi. Nyekundu imeiva karibu na wino, ukiizungusha kwenye glasi inaacha michirizi inateremka polepole, harufu ya zambarau na mbao za pipa. Zabibu wanachanganya, nyingi Cabernet Sauvignon, halafu Merlot na Cabernet Franc, na mizabibu yao inapata upepo wa bahari kutoka False Bay. Ya kwanza ni ya 1980. Na mwaka zabibu zisipofika kiwango hawaipi jina la Rubicon, wanaiuza kama Meerlust Red kwa bei ya chini

Maimuna: Umeona! Ndo karafuu hiyo hiyo. Ukizirundika mbichi zikachacha, au mvua ikazikuta jamvini hapana mtu wa kuzianua, ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wanakupa daraja la chini, halafu mtu anakaa mjini anasema shamba halilipi. Linalipa, lataka watu. Msimu uliopita tulochambua makonyo ni mie na Rahma peke yetu mpaka vidole vyeusi

Zuhura: Tusisahau mashamba ya Cape, huko huko Afrika Kusini, yalilimwa na watumwa, wengine walichukuliwa Msumbiji na Madagascar, mpaka utumwa ulipofutwa 1834. Na ya karafuu huku kwetu vilevile, hadi 1897. Kwa hiyo tukisifu ukoo kushika ardhi tuwataje na walolima

Salim: Mwalimu mtihani lini 😂

Maimuna: Zuhura kweli kabisa, ila hili la Babu kapanda mwenyewe kwa mkono wake. IJUMAA jamani

Mwanakombo: Leo mnauliza nani anauza mwembeni. Upande wa kisimani aliulizwa nani? Uliuzwa tukiwa bado matangani. Fungu langu mpaka leo sijalitia machoni na sinyamazi

Ami Seif: _Ujumbe huu umefutwa_

Mwanakombo: Nimeusoma kabla hujaufuta Ami

Asha: Jamani na bei ya karafuu mwaka huu nani kaisikia

Rahma: Nipo na Bibi, nimemsomea yote. Kasema niandike kama alivyosema:

"Urithi ni haki ya kila mtu, simzuii mtu na lake. Lakini babu yenu alipanda mikarafuu ile mie namshikia miche, na mie bado ni hai. Mwembeni pasiuzwe mpaka mnizike. La kisimani Seif analijua, atakuja kunambia mwenyewe. Na wewe Khatib, shamba la watu umelisifu nimelifahamu, lakini pombe ni pombe. Anayekunywa, anayemimina, anayebeba, wote wamo. Omba wakupeleke jikoni au mapokezi."

Asha: Inshaallah Bibi 🤲

Salim: Tumesikia Bibi

Khatib: Nimesikia Bibi. Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili, ntazungumza na meneja

Maimuna: Mwezi wa kumi na mbili mbali Khatib

Ami Seif: Nlikuwa baharini simu nimeiacha nyumbani. Ijumaa nna safari ya Unguja. Mie sijasema nauza wala siuzi

Maimuna: Basi Jumamosi asubuhi Ami, na Bibi anakusubiri. Huyu wa Chake nimwambieje? Kesho atapiga tena

Salim: Jumamosi kuna mechi

Maimuna: Asha na Zuhura bado hamjajibu. Mnauza au hamuuzi?