Mnaotugawia makro chafu za Scheme huku Mbeya, acheni kujibu "weka gensym itapona"

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitazunguka. Kwenye makundi yetu ya Scheme (lugha ya programu), kuanzia Mbeya mjini hadi Mafinga, zinazunguka maktaba za makro (msimbo unaozalisha msimbo mwingine kabla programu haijaendeshwa) za `define-macro` zinazochanganywa na za `syntax-rules` ndani ya Guile, mojawapo ya programu zinazoendesha Scheme. Zikivunjika, jibu ni lile lile: weka gensym, yaani jina jipya la kipekee lisilogongana na jingine. Gensym haihusiki hapa! Anayejibu hivyo hajawahi kuipanua makro yake akaangalia inatoa nini, na wanaoumia ni wanaojifunza, ambao wanabaki kuamini kosa ni lao.

Chukueni mfano huu wa bei za mazao Mwanjelwa (namba ni za mfano tu):

```
(define-macro (kama-ipo swali ndiyo hapana)
  `(let ((hiyo ,swali))
     (if hiyo ,ndiyo ,hapana)))

(define-syntax bei-au
  (syntax-rules ()
    ((_ zao orodha mbadala)
     (kama-ipo (assq zao orodha) (cdr hiyo) mbadala))))

(define bei '((viazi . 70000) (mahindi . 60000)))

(let ((ya-jana 65000))
  (bei-au 'parachichi bei ya-jana))
```

Makro ya kwanza ni chafu (majina yake yanaweza kugongana na ya mtumiaji), ya pili ni safi (yake yanalindwa). Ukijaribu kwenye REPL (pale unapoandika msimbo na kujibiwa papo hapo) na `ya-jana` imefanyiwa `define` huko juu, inapita. Ukiiweka ndani ya `let` au ndani ya funkisheni, unaambiwa `ya-jana` haijulikani. Ndiyo maana mwenye maktaba anaapa kwamba "kwangu inafanya kazi".

Kinachoharibu ni `syntax->datum`, inayoyavua majina alama zake. Kwenye mfumo wa `syntax-case`, jina si herufi tupu, limebeba alama za mahali lilipozaliwa. Makro safi ikijipanua, majina yaliyoandikwa kwenye kiolezo chake (umbo la msimbo inaoutoa) hupewa alama mpya ili yasigongane na ya mtumiaji. Sasa, `define-macro` ya Guile imejengwa juu ya huo huo `syntax-case`: inazichukua hoja zote, inazivua alama, inaipa funkisheni yako orodha ya simboli tupu, kisha matokeo yote inayavisha muktadha mmoja, wa pale makro ilipoitwa. Hapa imeitwa wapi? Ndani ya kiolezo cha `bei-au`. Kwa hiyo `ya-jana`, ambayo ni mali ya `let` ya mtumiaji, inakwenda kutafutwa pale `bei-au` ilipoandikwa. Huko haipo.

Na hiyo ni afadhali, maana walau inapiga kelele. Kama huko juu, nje ya `let`, kuna `ya-jana` nyingine, utapewa thamani ya hiyo, kimya kimya. Au mtumiaji aite kigeu chake `hiyo`:

```
(let ((hiyo 65000))
  (bei-au 'parachichi bei hiyo))
```

Alitegemea 65000, anapata `#f`. Majina mawili yaliyokuwa tofauti yamevuliwa alama yakawa moja. Mkulima wa Uyole anaonyeshwa kwamba zao halina bei, na hakuna kosa popote kwenye skrini.

Hapo gensym inasaidia nini? Gensym inazuia jina la ndani ya makro lisimeze la mtumiaji, basi. `hiyo` tumeitaka ionekane, haiwezi kuwa gensym. Tena gensym haizuii upande wa pili: mtumiaji akiwa na kigeu chake kinachoitwa `list`, makro chafu inayotoa `(list ...)` itaita hicho cha mtumiaji. Na ukiingiza moduli kwa kiambishi, funkisheni saidizi ambayo makro chafu inaitaja kwa jina tupu inapotea palepale.

Dawa ya kwanza: msivue kitu. Tengenezeni jina moja tu mnalolitaka liwe chafu, kwa `datum->syntax`, inayolivisha muktadha wa jina jingine.

```
(define-syntax kama-ipo
  (lambda (x)
    (syntax-case x ()
      ((k swali ndiyo hapana)
       (with-syntax ((hiyo (datum->syntax #'k 'hiyo)))
         #'(let ((hiyo swali))
             (if hiyo ndiyo hapana)))))))
```

Mistari saba. `ya-jana` inabaki na alama zake, `hiyo` ya mtumiaji haimezwi, na `bei-au` inafanya kazi bila kuguswa, kwa sababu `kama-ipo` na `hiyo` zilizo kwenye kiolezo chake zina alama moja.

Ila dawa hii ina mwisho wake, na hapa ndipo wengi wanakwama. Andika makro safi inayopokea mwili kutoka kwa mtumiaji na kuupeleka kwenye `kama-ipo`. Mtumiaji akiandika `(cdr hiyo)` ndani ya mwili huo, haitaonekana: `#'k`, yaani jina `kama-ipo` pale lilipoitwa, imetoka kwenye kiolezo, mtumiaji yuko nje. Unaweza kupitisha jina la muktadha kama hoja ya ziada kutoka makro hadi makro, lakini kila atakayeandika makro ya juu yake atalazimika kuibeba hiyo hoja. Kwa Guile tumieni kigezo cha sintaksia, yaani jina la kudumu ambalo makro hulipa maana ya muda ndani ya mwili wake:

```
(define-syntax-parameter hiyo
  (lambda (x)
    (syntax-violation 'hiyo "imetumika nje ya kama-ipo" x)))

(define-syntax-rule (kama-ipo swali ndiyo hapana)
  (let ((t swali))
    (if t
        (syntax-parameterize ((hiyo (identifier-syntax t)))
          ndiyo)
        hapana)))
```

Hapa uchafu wote umekwisha. `hiyo` ni jina halisi lenye mahali pake, makro safi kumi zikipita katikati haijali. Msisahau kuiweka kwenye orodha ya majina ambayo moduli inatoa, pamoja na `kama-ipo`.

Na mnaosema "fuateni standadi": R5RS ya 1998 ina `syntax-rules`, R6RS ya 2007 ikaongeza `syntax-case`, R7RS ndogo ya 2013 ikabaki na `syntax-rules`. `define-macro` haimo hata katika moja. Kwenye Scheme nyingine, Gambit wanayo, CHICKEN waliiondoa tangu toleo la 4, wakaweka `er-macro-transformer` na `ir-macro-transformer`. Ukigawa maktaba, andika ni ya Scheme ipi!

---

Jibu

Kamwene mkuu, Iringa hapa. Nakubali, ila si kila maktaba inaandikwa upya. Kuna msimbo wa zamani wenye makro chafu mia, huo unaufanyaje? Huo unajengewa daraja. Ipe funkisheni ya zamani hoja zikiwa na alama zake, kisha simboli tupu tu, zile ilizoziongeza yenyewe, ndizo zivishwe muktadha:

```
(eval-when (expand load eval)
  (define (rudisha k x)
    (cond ((pair? x) (cons (rudisha k (car x))
                           (rudisha k (cdr x))))
          ((symbol? x) (datum->syntax k x))
          (else x))))
```

Ndani ya `syntax-case`, tawi ni `((k a ...) (rudisha #'k (apply kazi #'(a ...))))`. `kazi` ni lambda ya zamani bila kubadilishwa. Kama daraja lenyewe linazalishwa na makro nyingine, vile vidoti vitatu viandikwe `(... ...)`, la sivyo kiolezo cha nje kitavila. `eval-when` usiiache, ndiyo inayofanya `rudisha` ipatikane wakati makro inapanuliwa: bila hiyo REPL inakubali, kompaila inakataa. Vekta hazimo humo, ongeza tawi lake ukizihitaji.

---

Mleta uzi

Hilo daraja ni sahihi, kaka, na ndilo lingebandikwa kwenye kundi badala ya gensym. Liwekewe onyo moja: linafaa pale tu ambapo makro ya zamani haichunguzi hoja zake. Ikiwa ndani kuna `(symbol? x)` au `(eq? x 'else)`, majibu yatakuwa `#f` daima, maana kilichopo ni jina lenye alama, si simboli. Huko lazima uingie kwa mkono: `identifier?` badala ya `symbol?`, na `(free-identifier=? x #'else)` badala ya `eq?`. Kwenye `er` na `ir` za CHICKEN, kazi hiyo ni ya ile hoja ya tatu, `compare`. Makro za aina ya `cond` na `case` zote ziko kundi hili, anzeni nazo.